Waliotoka Vumbini: Rekodi Kubwa za Safari Rally, Zikitazamwa kutoka Ukambani

Kabla ya Naivasha kuwa makao ya Safari Rally, magari yalikuwa yakipita Makueni. Njia iliposhuka Mombasa, ilikata Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Aliyetaka kumwona bingwa wa dunia hakuhitaji tiketi, alihitaji mahali pa kusimama kando ya barabara na leso ya kujifunika pua. Ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui, barabara zilikuwa za aina ileile iliyowafunza madereva kazi: changarawe, mchanga wa mito mikavu, na udongo mweusi unaonasa gurudumu mvua ikinyesha.

Tangu 1953 rekodi za mbio hizi zimewekwa na kuvunjwa kwa wingi. Hizi hapa tumezichagua kwa sababu zote zinagusa swali moja: mtu anayeanzia kwenye vumbi la nyumbani hufikaje kwenye mbio za kulipwa, na ni nani aliyeiondoa ngazi aliyopandia?

Mashindano yaliyoanza kwa bei ya dukani

Mbio za kwanza zilifanyika kati ya Mei 27 na Juni 1, 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na jina lake likawa Coronation Safari. Waandaaji hawakuyapanga magari kwa ukubwa wa injini kama ilivyo desturi ya michezo hii. Waliyapanga kwa bei ya kununulia. Gari la bei ya chini lilishindana na wenzake wa bei ya chini, na lilitakiwa kuwa lilelile ambalo mteja yeyote angelikuta dukani.

Marekani nako, shirika la NASCAR lilikuwa limeundwa miaka mitano tu nyuma, 1948, kwa wazo linalofanana: magari ya kawaida ya barabarani, viwanja vya udongo vya mashambani, na madereva ambao Jumatatu walirudi gereji kufanya kazi. Pande zote mbili za dunia, mlango wa kuingilia ulikuwa mpana. Ukiwa na gari, rafiki wa kusoma ramani na moyo wa kutokulala, ulikuwa mshindani.

Mfululizo mrefu zaidi wa wenyeji: miaka 19

Kuanzia 1953 hadi 1971, hakuna dereva aliyekuja kutoka ng'ambo akaondoka na ushindi wa Safari. Washindi walikuwa wakazi wa Afrika Mashariki. Vic Preston na D.P. Marwaha walitwaa 1954 kwa Volkswagen na 1955 kwa Ford Zephyr. Bill Fritschy alishinda 1959 na 1960 kwa Mercedes. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na mwelekezi wake Chris Rothwell akiwa kando yake mara zote mbili. Edgar Herrmann akafunga ukurasa kwa ushindi wa 1970 na 1971 akiendesha Datsun.

Si kwamba Wazungu wa Ulaya hawakujaribu. Erik Carlsson wa Sweden, mmoja wa madereva mahiri wa enzi yake, alikuwa akiongoza mwaka 1963 na Saab yake ndogo alipomgonga muhanga usiku na kuharibu gari. Mwaka uliofuata alinasa matopeni. Badala ya kusubiri wa kumvuta, yeye na mwenzake walilibingirisha gari ubavu hadi mahali pakavu, wakaliinua, wakaendelea. Alimaliza wa pili.

Mwenyeji hakuwa na haja ya ujanja huo mara nyingi, kwa kuwa alijua pa kupita. Alijua kivuko kipi cha mto wa mchanga huonekana kigumu juu na kumbe chini ni laini. Alijua ng'ombe wanarudi zizini saa ngapi. Akiona mawingu yamejikusanya upande fulani wa vilima, alijua ni daraja lipi litafunikwa na maji kabla hajalifikia. Elimu hiyo haikuuzwa na kiwanda chochote. Hannu Mikkola wa Finland ndiye aliyekuja kuuvunja mfululizo huo mwaka 1972, akiwa na Ford Escort, timu kamili ya kiwanda na mwelekezi wake Gunnar Palm.

Fundi aliyepanda juu zaidi

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alikulia gereji, akajifunza ufundi, kisha akawa askari doria wa chama cha wenye magari Afrika Mashariki: mtu wa kwenda kumkwamua mwenye gari lililozimika porini. Mashindano aliyaanza mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa katika umri ambao madereva wengi wa leo huwa tayari wana mikataba.

Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 kuukuu, gari ambalo timu ya kiwanda ilikuwa imeshalitumia na kuliacha. Walipangiwa namba 1, nafasi ambayo wengi waliiogopa kwa sababu gari la mbele ndilo hukutana kwanza na kila shimo, kila mto na kila mnyama. Walishinda. Joginder akawa dereva wa kwanza wa asili ya Asia kushinda Safari, na umma ukampa jina ambalo halikumtoka tena: Simba wa Safari.

Alirudi kileleni 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, mwelekezi akiwa David Doig. Ushindi wa 1974 ulikuwa wa kwanza kwa Mitsubishi katika Mashindano ya Dunia ya Rally, yaani WRC. Mwaka 1976 kampuni hiyo ilichukua nafasi zote tatu za juu. Lakini rekodi ambayo mafundi wenzake waliiheshimu kuliko vikombe ni hii: katika Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Kwenye mbio ambazo nusu ya magari kuishia njiani lilikuwa jambo la kawaida, hilo halitokani na bahati. Alisikia gari linaugua kabla halijalala.

Aliyemkaribia kwa historia alikuwa wa Virginia, Marekani. Wendell Scott, fundi mweusi wa Danville, alianza kwenye viwanja vya udongo vya nyumbani mwaka 1952, akijitengenezea gari mwenyewe katika enzi ya ubaguzi. Desemba 1, 1963, kwenye uwanja wa udongo wa Jacksonville, Florida, akawa dereva mweusi wa kwanza kushinda mbio za daraja la juu la NASCAR. Siku hiyo ushindi ulitangazwa wa mtu mwingine, na kombe rasmi familia yake ilikabidhiwa mwaka 2021, miaka mingi baada ya yeye kufariki. Joginder, aliyeaga dunia London mwaka 2013, alau alishangiliwa akiwa hai.

Makindu, kando ya barabara ile ya Mombasa, lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na wafanyakazi wa reli na jamii yao. Hadi leo msafiri wa dini yoyote hula na hulala humo bila malipo. Jamii iliyojenga hapo ndiyo jamii iliyomlea Simba wa Safari: watu wa reli, karakana na spana.

Waliofika wachache zaidi: saba, mara mbili

Mwaka 1963 yalianza magari 84. Yaliyofika mwisho yalikuwa saba. Mshindi alikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404.

Mwaka 1968 yalianza magari 93, mvua ikapiga, na yaliyofika yalikuwa tena saba. Mshindi? Nowicki na Cliff, tena katika Peugeot 404. Ukitafuta rekodi ya Safari ambayo haitavunjwa, shika hii. Kanuni za leo humruhusu dereva aliyekwama siku moja kurudi kesho yake kwa kuongezewa adhabu ya muda, hivyo mlima wa magari yaliyotelekezwa njiani haupo tena.

Mvua za masika ndizo zilizokuwa jaji, kwa kuwa kwa miaka mingi mbio zilifanyika Pasaka. Vijijini watu walizijua siku hizo kwa namna yao: gari likinasa, vijana hukusanyika, bei ya kusukuma hupatanwa mlangoni, na dereva hulipa kabla matope hayajafika kwenye bampa.

Mshindi wa mara nyingi zaidi

Shekhar Mehta, mara tano: 1973, 1979, 1980, 1981 na 1982. Katika Safari za WRC hakuna mwingine aliyefika tano, na hakuna mwingine aliyeshinda mara nne mfululizo.

Njia yake na ya Joginder zilianza pande tofauti za mji. Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945 katika familia ya wenye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Lugazi. Gari la kujifunzia halikuwa tatizo. Kisha 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, na Mehta akahamia Kenya. Miezi michache baadaye, Pasaka ya 1973, alishinda Safari yake ya kwanza kwa Datsun 240Z akiwa na Lofty Drews. Ulikuwa mwaka wa kwanza kabisa wa WRC, na Safari ilikuwa mojawapo ya duru zake.

Mara nne zilizofuata mwelekezi wake alikuwa Mike Doughty, na gari lilikuwa Datsun ya familia ya Violet, gari ambalo halikusifiwa kwa kasi. Lilisifiwa kwa kutovunjika. Mehta alifariki mwaka 2006.

Pengo dogo zaidi

Ushindi ule wa 1973 una rekodi yake ya pembeni. Mehta na Harry Källström wa Sweden walimaliza na adhabu sawasawa. Enzi hizo kila dakika ya kuchelewa kufika kituoni ilikuwa pointi ya adhabu, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Baada ya maelfu ya kilomita, walilingana. Waamuzi walirudi nyuma kwenye karatasi kutazama ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila kupoteza pointi yoyote, na jibu likawa Mehta.

Tangu mbio zirejee kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021, pengo la kukumbukwa ni la 2023: Sébastien Ogier alimshinda Kalle Rovanperä kwa sekunde 6.7. Ukilinganisha, utaona mchezo ulivyobadilika. Zamani dakika ndiyo ilikuwa kipimo. Leo sekunde moja hukatwa vipande kumi.

Injini ndogo zaidi iliyowika

Mwaka 1993 Subaru ilileta Vivio, gari la injini ya sentimita za ujazo 660, takriban nusu ya injini ya Probox inayobeba abiria mjini Wote, Makueni. Colin McRae alilikimbiza moja na kuwashangaza wenye magari makubwa, kisha likamvunjikia. Patrick Njiru alilipeleka lake taratibu hadi mwisho. Alikuwa wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake.

Mwaka uliofuata, akiwa na Abdul Sidi katika Subaru Impreza, Njiru alimaliza wa nne. Nafasi hiyo iliwafanya watoto wengi wa Kiafrika nchini waamini kwamba kiti cha dereva hakikutengwa kwa ajili ya rangi fulani.

Mkenya wa mwisho kushinda duru ya WRC

Mwaka huohuo wa 1994 mshindi alikuwa Ian Duncan, mwelekezi wake David Williamson, gari Toyota Celica. Mwaka mmoja nyuma alikuwa wa tatu, Toyota ilipochukua nafasi nne za kwanza.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Kati ya 1973 na 1982, wenyeji walishinda Safari saba kati ya kumi. Kati ya 1983 na 2002, mbio ishirini, mwenyeji alishinda moja tu, hiyo ya Duncan. Tangu mbio ziliporudi kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021 hadi 2025, hakuna.

Vipaji havikukauka. Gharama ndizo zilizopanda. Timu za viwanda zilianza kuja wiki kadhaa mapema kufanya mazoezi, zikaleta helikopta ya kuangalia njia mbele ya gari na kumwonya dereva kwa redio kuhusu lori au punda, zikapanga mafundi na magurudumu kila kituo. Helikopta ikafanya kazi ambayo kichwa cha mwenyeji kilikuwa kikiifanya bure. Ujuzi wa barabara ukawa kitu cha kununuliwa, na mwenye pesa nyingi akanunua mwingi.

Mgeni mkongwe zaidi, na mgeni mwepesi zaidi

Björn Waldegård wa Sweden alishinda mara nne: 1977, 1984, 1986 na 1990. Alipopata huo wa mwisho alikuwa na umri wa miaka 46, na kwa zaidi ya miongo mitatu hakuna aliyeshinda duru ya WRC akiwa mkubwa kuliko yeye. Sébastien Loeb ndiye aliyeipiku rekodi hiyo Januari 2022 huko Monte Carlo.

Kinyume chake ni Juha Kankkunen, aliyefika Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kuishinda papo hapo. Alishinda tena 1991 na 1993.

Wanawake waliofika juu zaidi

Mwaka 1961 Anne Hall na Lucille Cardwell walimaliza wa tatu kwa Ford Zephyr. Miaka 22 ikapita kabla ya dereva mwanamke kufikia nafasi hiyo tena: Michèle Mouton wa Ufaransa, wa tatu mwaka 1983 kwa Audi Quattro.

Katikati yake, mwaka 1974, Orie Rogo Manduli alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kushiriki Safari, zamani kabla Wakenya hawajamzoea kama mwanasiasa wa vilemba vikubwa na maneno makali.

Mwaka 2022 Maxine Wahome, aliyeingia kwenye mchezo huu kupitia pikipiki na mbio za magari za uwanjani, alishinda daraja la WRC3 katika Safari akiwa na Ford Fiesta. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kushinda duru ya daraja hilo popote duniani.

Mbali zaidi na vumbi

Februari 2022 McRae Kimathi, akiwa na mwelekezi Mwangi Kioni, alianza WRC ya vijana huko Sweden. Barabara zilikuwa za barafu, matairi yana misumari, na pembeni zimejengwa kuta za theluji. Alifika mwisho. Jina lake la kwanza ni la Colin McRae, mshindi wa Safari wa 1997, 1999 na 2002. Alipewa na baba yake, Phineas Kimathi, mwenyewe dereva wa zamani aliyewahi kuliongoza shirikisho la michezo ya magari nchini.

Tazama jinsi waliopanda karibuni walivyopanda: wengi wamelelewa katika nyumba ambazo tayari zilikuwa na gari la mashindano uani. Si kosa lao, na kazi ya usukani wanaifanya wenyewe. Ila kijana ambaye baba yake ana punda na mkokoteni hana ngazi hiyo.

Njia iliyofupika zaidi

Miaka ya 1970 Safari ilikuwa ya zaidi ya kilomita 5,000, mchana na usiku, kwenye barabara zilizo wazi kwa basi na mbuzi. Mwaka 2002 sehemu za mashindano zilikuwa zaidi kidogo ya kilomita 1,000. Mwaka 2021 zilikuwa takriban kilomita 320, na Ogier alizimaliza kwa saa 3 na dakika 18.

Ufupi huo ndio ulioitoa Safari mikononi mwa watu wa Makueni. Mbio za leo hukaa Naivasha na viunga vyake, kwenye mashamba yanayoweza kufungwa na kulindwa. Usalama umeongezeka, na hilo ni jema. Lakini mtoto wa Kibwezi wa mwaka 1975 alimwona Joginder kwa macho, na wa leo humwona bingwa kwenye simu.

Rekodi za Ukambani zenyewe

Kitui inayo yake. Uwanda wa Yatta, unaofuata Mto Athi kuelekea kusini-mashariki kwa takriban kilomita 300, hutajwa miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo, iliyokuwa ya vumbi kwa vizazi, sasa ina lami.

Na Kitui ilimzaa Benson Masya. Alianza na ndondi, akahamia mbio za miguu, na Septemba 1992, huko Uingereza, akawa bingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa nusu marathoni kwa muda wa 1:00:24. Alishinda Great North Run mara nne na marathoni ya Honolulu mara tatu. Alifariki mwaka 2003, akiwa na miaka 33.

Masya anatuonyesha tofauti ilipo. Mbio za miguu zina ngazi kamili: shule ya msingi, kaunti ndogo, kaunti, klabu ya kazini, kisha ndege. Kila kipandio kinahitaji mapafu na mtu mmoja wa kukutambua. Mbio za magari zilikuwa na ngazi ya namna hiyo wakati gari la dukani lilitosha na gereji ilikuwa chuo. Kipandio cha kwanza kiling'olewa kidogo kidogo, bei ya gari ilipopanda na barabara ya mashindano ilipohama.

Zinazosubiri kuvunjwa

Mkenya kushinda Safari ya WRC: inasubiri tangu 1994. Mwanamke kupanda juu ya nafasi ya tatu: tangu 1961. Jina la Kikamba kwenye orodha ya washindi wa jumla: tangu 1953.

Hiyo ya tatu haitavunjwa na pesa za helikopta. Yahitaji kitu cha bei ya chini zaidi: kiwanja cha udongo kilichozungushiwa matairi makuukuu karibu na Wote au Kitui mjini, daraja la magari ya kawaida yaliyopangwa kwa bei kama ya 1953, na kofia za kinga za kuazimana. Mafundi wapo tayari. Wako Emali na Mtito Andei, wanafufua malori usiku kwa tochi ya simu, na baadhi yao husikia injini inaugua kabla haijalala.